Nimeitazama The Texas Chain Saw Massacre kwa jicho la mchinjaji

Watu wanaisifia filamu hii kwa damu. Vijana wa Makorora, hapa kwetu Tanga, wakikusimulia The Texas Chain Saw Massacre watakwambia msumeno, watu wanakatwa, damu inaruka mpaka basi. Mimi kazi yangu ni nyama. Nimekulia machinjioni nyuma ya marehemu baba na leo nina bucha yangu, kwa hiyo damu naijua inavyotoka, inavyoganda na inavyonuka jua likipanda. Nimeitazama mwanzo hadi mwisho kwa makini, na nawaambia damu humo ni kidogo mno. Wanaoisifia kwa damu wanasifia kitu ambacho hakimo, na kile kilichomo, ambacho ni kizito zaidi, wanakiruka.

Hukumu yangu naitoa mapema ili asiye na muda aondoke nayo. Katika filamu za kutisha zote nilizopata kuziona, hii ndiyo iliyotengenezwa kwa akili kuliko nyingine. Tena ni filamu ya watu wa kazi yangu. Wale wala watu mnaowaona humo ni wachinjaji waliokosa pa kuchinja. Ukilishika hilo, filamu nzima inakufungukia.

Mwongozaji ni Tobe Hooper, aliyeiandika pamoja na Kim Henkel. Waliipiga Texas, Marekani, kiangazi cha mwaka 1973, kwa fedha ndogo na kwa waigizaji ambao wakati ule karibu wote hawakuwa na jina. Ikatoka Oktoba 1974. Hooper alizuia damu makusudi, akitumaini wakaguzi wa filamu wa kwao wataipa daraja jepesi. Hawakumpa, waliipa daraja ambalo aliye chini ya miaka 17 haingii bila mzazi au mlezi. Uingereza ndiyo walikuwa wakali zaidi, filamu ikakaa bila cheti chao cha taifa hadi mwaka 1999. Miaka yote hiyo watu wazima wameogopa kitu ambacho macho yao hayakukiona.

Kisa chenyewe hakina mzunguko. Vijana watano wako safarini kwa gari: Sally, nduguye Franklin anayetembelea kiti cha magurudumu, na rafiki zao watatu. Wamesikia makaburi yanafukuliwa, wanakwenda kuangalia kama kaburi la babu yao limesalimika. Wakitoka hapo wanataka kuiona nyumba ya zamani ya ukoo. Mafuta ya gari yanawapungukia, kituo cha mafuta hakina kitu, na jirani na ile nyumba ya babu kuna nyumba nyingine, nyeupe, ya kupendeza ukiiona kwa mbali. Humo inaishi familia inayokula watu.

Sasa niwapeleke kwenye kipande ambacho wengi hukipita wakingoja msumeno. Mapema kabisa gari linapita karibu na machinjio. Tunaonyeshwa ng'ombe zizini, wanahema kwa joto, ulimi nje. Franklin anawaambia wenzake kwamba hapo ndipo babu yake alipokuwa akiuza ng'ombe zake, kisha anaanza kueleza jinsi walivyokuwa wakipigwa nyundo ya kichwa. Msichana mmoja anamwomba abadilishe mazungumzo, maana yeye nyama anaipenda. Wateja wa namna hiyo nawahudumia kila siku ya Mungu. Anataka steki, anataka isiwe na mishipa, lakini ukimning'inizia kichwa cha ng'ombe mlangoni anageuza uso.

Halafu wanampakia kijana mmoja aliyesimama juani akiomba lifti. Kijana hayuko sawa, unaliona kabla hajakaa vizuri. Anawaambia ukoo wao umefanya kazi pale machinjioni, kaka yake, babu yake, siku zote wao ni watu wa nyama. Anatoa hata picha za ng'ombe waliochinjwa awaonyeshe. Franklin anamuuliza habari za ile bunduki ya hewa wanayotumia siku hizi, naye anajibu kwamba bunduki haifai, nyundo ndiyo ilikuwa bora, na kwamba njia hiyo mpya imewatoa watu kazini.

Hapo nilimwambia mpwa wangu airudishe nyuma nisikie tena. Babu wa akina Sally alikuwa mwenye ng'ombe. Babu wa huyu kijana alikuwa mwenye nyundo. Koo hizi mbili zimekula zizi moja miaka na miaka, mmoja akipokea fedha, mwingine akilowa, na nyumba zao zinatazamana. Leo wajukuu wamekutana ndani ya gari moja na hakuna anayemjua mwenzake. Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Humu zimwi halimjui mtu, kwa sababu mwenye mali hakuwahi kukanyaga kwa mchinjaji wake, hata siku ya msiba.

Na sisi watu wa Tanga tuna macho ya kuliona hili kuliko wengi. Tumeona nailoni ilivyoishusha bei ya mkonge duniani, mashamba yakalala, tumeona kiwanda cha mbolea kikifungwa. Ukienda upande wa Pongwe na Muheza utakutana na wazee ambao mikono yao inajua kukata mkonge na hakuna tena anayewaita kukata. Ujuzi hauondoki siku kazi inapoondoka. Unabaki mkononi mwa mtu, asubuhi anaamka nao. Hooper ameliona jambo hilo mwaka 1973 akalitengenezea jinamizi, na akaliweka kwenye maneno mawili matatu ya kichaa ndani ya gari, hakulitangazia mbiu.

Twende nyumbani kwao. Kijana anayeitwa Kirk amesikia jenereta linaunguruma, anataka kuomba mafuta. Anagonga, hakuna anayeitika. Sisi tumelelewa kwamba hodi ni mara tatu, usipoitikiwa unarudi ulikotoka. Yeye anausukuma mlango anaingia. Mwisho wa ukumbi kuna chumba chenye ukuta mwekundu uliotundikwa mafuvu ya wanyama. Anakwenda mbio kuelekea huko, anajikwaa, anainua uso, na mbele yake limesimama pande la mtu lenye eproni na barakoa ya ngozi ya binadamu. Nyundo moja. Kirk yuko chini, miguu inatetemeka. Nyundo ya pili. Anavutwa ndani, mlango wa bati unasukumwa kwa nguvu, paa! Kimya.

Imekwisha. Hakuna ngoma iliyopigwa kukuandaa, hakuna hotuba, hakuna jitu kucheka. Mpwa wangu alipiga kelele. Mimi nilikuwa naangalia ile miguu.

Niwaeleze kwa nini. Ng'ombe sisi tunamlaza, tunamfunga, tunamwelekeza kibla, tunataja jina la Mwenyezi Mungu, kisu kinapita mara moja. Baada ya hapo roho inatoka lakini miguu inaendelea kupiga. Kijana mgeni wa kazi husogea mapema kuanza kuchuna, akapigwa teke la goti akaenda hospitali ya Bombo. Anayeijua kazi anasimama pembeni, anafuta kisu, anangoja. Yule mwigizaji ameuigiza mtetemo ule sawasawa, mpaka nikajiuliza alikaa machinjioni kwa nani kujifunza. Na yule aliyempiga, angalieni mikono yake. Hana hasira. Hamchukii Kirk, hamjui hata jina. Amepiga mahali pa kupiga, ameona anatetemeka, ameongeza, amevuta, amefunga mlango wa chumba cha kazi. Ndivyo tunavyofanya kazi. Hofu iliyonipata hapo sikuipata kwenye filamu yoyote ya mashetani.

Baada ya Kirk anafuata mpenzi wake, Pam. Huyu anatundikwa hai kwenye kulabu. Watu wanaapa kwamba wameiona ncha ikizama mgongoni. Rudini mkaangalie. Haionyeshwi. Tunaiona kulabu, tunamwona binti anainuliwa juu, tunauona uso wake, na chini yake kuna beseni. Lile beseni ndilo linalomaliza kila kitu. Mwenye bucha akiweka chombo chini ya kulabu amekwambia bila kusema kwamba kuna kitakachodondoka, na akili yako inajaza iliyobaki. Aliyewaza kuliweka pale anaijua nyama, au alikwenda kukaa na wanaoijua.

Mhusika niliyemwogopa zaidi hata hivyo si huyo mwenye barakoa. Ni mzee wa kituo cha mafuta, aliyeigizwa na Jim Siedow. Mchana vijana walipopita kwake aliwapokea kwa upole, akawauzia nyama ya kuchoma, Franklin akaondoka anatafuna soseji. Mwanzoni unaiona ni nyama tu. Usiku ndipo unapoelewa. Mimi hapa ndipo tumbo liliponigeuka, na si kwa sababu ya kinyaa. Nyama iliyosagwa au kukaushwa moshini haina sura tena. Mteja anabaki na uaminifu wako peke yake. Ndiyo maana mama mtu mzima akija buchani kwangu anataka aione ikining'inia, auone muhuri wa mkaguzi, akuelekeze kwa kidole kata hapa, na bado atakwambia usinichanganyie. Nilipokuwa kijana nilidhani wananisumbua. Yule mzee ni jinamizi la kila mama mwenye kikapu.

Usiku Sally anamkimbia mwenye msumeno, anafika pale kituoni, anaangukia mikononi mwa mzee, anadhani ameokoka. Mzee anampiga kwa fagio, anamfunga, anamtia kwenye gunia, anampakia kwenye gari lake. Kisha anakumbuka kitu. Anashuka, anarudi dukani kuzima taa, anafunga, anarudi kwenye usukani, na anamwambia yule binti aliye guniani kwamba gharama ya umeme inaweza kumfilisi mtu. Mwenye friza la nyama na mita ya LUKU inayolia usiku anajua maneno hayo yanatoka wapi. Nimeyasema mwenyewe, kwa sauti ile ile, nikizima taa ile ile ya mbele. Wakifika nyumbani, mzee anaona mlango umekatwa kwa msumeno. Anachokasirikia ni mlango. Anamgombeza yule pande la mtu, tazama ulivyoufanya mlango, naye anajikunyata na kulia kwa sauti za mtoto aliyevunja sahani.

Hapo ndipo unapotambua kwamba hawa ni familia kweli. Kuna mkubwa anayeleta riziki na kulalamikia matumizi, kuna mtundu anayezurura makaburini, kuna anayebaki nyumbani akipika na kuogopa kufokewa. Kilichokosekana ni mwanamke aliye hai. Bibi yao yupo ghorofani, maiti iliyokauka kwenye kiti. Na yule mwenye barakoa, ambaye wanamwita Leatherface, wakati wa chakula anavaa uso mwingine wa kike uliopakwa rangi, kwa sababu mezani panatakiwa awepo mama wa kupakua. Niliiona hiyo nikasema astaghfirullah, huyu mtengenezaji amefikiri mbali.

Chakula chenyewe cha usiku ndiyo moyo wa filamu. Sally amewekwa mezani nafasi ya mgeni wa heshima, amefungwa kwenye kiti ambacho mikono yake ni mikono ya watu. Wanamshusha babu. Babu ni mkongwe amekauka, hujui ni mzima au maiti, mpaka wanapomchanja Sally kidole na kumtia babu mdomoni, naye ananyonya. Kisha wanaanza kumsifia: hapajapata kutokea mchinjaji kama babu, pigo moja tu, aliwahi kumaliza ng'ombe sitini kwa dakika tano. Wanataka amchinje Sally yeye, kwa heshima yake. Wanampa nyundo. Inadondoka. Wanampa tena. Inadondoka tena kwenye karai. Mjukuu mmoja anaushika mkono wa babu aunyanyue pamoja naye.

Pale machinjioni kwetu palikuwa na mzee, Mungu amrehemu, aliyemfundisha baba yangu. Alipozeeka mikono ikawa inatetemeka, lakini asubuhi ya Idi kubwa hakuna aliyethubutu kushika kisu kabla yake. Alikuwa akiletwa kwa bajaji, anakalishwa kigodani, wa kwanza analetwa, na kijana mwenye mkono thabiti anamshikilia kiganja ili kisu kipite mara moja mnyama asiteseke. Kisha tunamshukuru, anapelekwa kivulini kunywa kahawa. Nilipowaona wale wajukuu wakimshikisha babu yao nyundo nilisimamisha filamu nikatoka nje. Ni adabu ile ile ya kwetu, upole ule ule, nderemo zile zile za kumtia mzee moyo, na chini ya nyundo kuna binti wa watu anapiga yowe. Hakuna jitu la kompyuta litakalonifanyia hivyo.

Mambo ya nyuma ya kamera yanasaidia kuelewa kwa nini kipande kile kinanuka hadi kwenye skrini. Walikipiga zaidi ya saa 24 mfululizo, madirisha yamezibwa ili mchana uonekane usiku, joto la kiangazi cha Texas limezidi nyuzi 38 nje na taa zinawaka ndani, na mezani kulikuwa na nyama na mifupa ya wanyama halisi ikioza. Watu walikuwa wakitoka kutapika. Mimi ninayejua nyama inafanya nini saa sita tu bila barafu, nikizitazama zile nyuso naona hazihitaji kuigiza. Marilyn Burns, aliyekuwa Sally, alikatwa kidole kweli baada ya ile mirija ya damu ya bandia kukataa kufanya kazi. Gunnar Hansen, mzaliwa wa Iceland aliyevaa barakoa, alikuwa na shati moja tu la kazi na halikufuliwa, waliogopa litabadilika rangi. John Dugan aliyekuwa babu alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, uzee ule wote alibandikwa usoni. Wasanii hawa waliteseka, na napenda majina yao yatajwe.

Kuna uongo mmoja lazima niuseme. Filamu inaanza na maandishi na sauti nzito ikitangaza kwamba haya ni mambo ya kweli yaliyotokea tarehe 18 Agosti 1973. Hayakutokea. Mwaka huo huo ndio waliokuwa wakiipiga filamu yenyewe. Kilichowapa wazo ni kesi ya Ed Gein, mtu wa Plainfield, Wisconsin, mbali kabisa na Texas, aliyekamatwa mwaka 1957. Huyo aliua wanawake wawili, alifukua makaburi na kutengeneza vitu kwa ngozi na mifupa ya watu. Aliishi peke yake, hakuwa na familia ya wala watu, na hakutumia msumeno wa mnyororo. Msumeno alikuja nao Hooper mwenyewe, aliyesimulia kwamba aliuwazia akiwa amebanwa na umati wa watu dukani msimu wa sikukuu, mbele ya rafu ya misumeno. Nalisisitiza hili kwa vile Pwani tunajua maneno haya yanavyofanya kazi. Habari za mumiani zimetembea mwambao huu tangu enzi za mkoloni, na kila zinapoamka kuna mgeni asiye na kosa anayeandamwa. Sipendi kijana atoke kwenye kibanda cha video anasema Wamarekani wa mashambani wanakula watu, imethibitishwa.

Na hapo ndipo penye lawama yangu kubwa. Filamu inaelewa kwamba kazi iliondoka, lakini waliopoteza kazi inawafanya wanyama. Wale wazee wetu wa mkonge na wa viwandani hawakugeuka mazimwi. Waligeukia vibarua, uvuvi, genge la mboga, wakasomesha watoto kwa taabu. Maskini wa shamba amestahili angalau mtu mmoja wa heshima katika hadithi hii, naye hakupewa. Mwema pekee unayemkumbuka ni dereva wa lori kule mwishoni, na huyo ni mpita njia. Vilevile Hansen, kujitayarisha, alikwenda kwenye shule ya watoto wenye ulemavu wa akili kuangalia wanavyojongea. Kazi yake ni nzuri mno, anatembea na kuhangaika kwa namna ambayo unamwonea huruma huku unamkimbia. Lakini mimi nina mtoto wa ndugu yangu mwenye hali hiyo, na ninajua watu mtaani wanavyomtazama. Kumbebesha mtu wa namna hiyo uso wa mwuaji ni deni ambalo filamu hii haijalilipa. Franklin naye, mlemavu wa miguu, ameandikwa ili akuchoshe, analalamika tangu mwanzo, ingawa Paul A. Partain anamwigiza kwa ukweli mpaka ukimfikiria baadaye unaona alikuwa na haki ya kulalamika: wenzake walipanda ghorofani kucheka wakamwacha chini peke yake.

Yowe za Sally ni nyingi. Dakika za mwisho karibu zote ni yowe, na ukiwa na kichwa kinauma zitakushinda. Sikuwa na budi kupunguza sauti kwa ajili ya majirani, ila nilijuta, kwa sababu sauti ndiyo nusu ya filamu. Muziki wake, wa Hooper na Wayne Bell, hauna wimbo. Ni vyuma vinakwaruzwa, vitu vinagongwa, kitu kama mlango wa kutu unafunguliwa ndani ya fuvu lako. Halafu chenso, ule msumeno wa mnyororo. Aliyepanda Amani au milima ya Lushoto anajua sauti ya chenso ikitokea msituni usiyemwona mwenye nayo: unasimama, unatega sikio, unajiuliza iko upande gani na inakuja au inakwenda. Hooper amemweka Sally gizani kichakani na sauti hiyo mgongoni, na ndiyo maana mtu anaapa ameona watu wanakatwa, ilhali anayeuawa kwa msumeno katika filamu nzima ni mmoja tu, Franklin, tena gizani.

Kwa sababu hiyo nawashauri msiitazame ile iliyotiwa sauti ya Kiswahili juu yake. Nimeiona pia, kwenye kibanda kimoja hapa mjini ambacho sitakitaja. DJ aliyetafsiri ni hodari wa filamu za ngumi, anachekesha, anajua kumpa kila mhusika jina la mtaani. Humu ameharibu. Kirk anapoingia ukumbini, mahali ambapo mtengenezaji ameacha kimya ili usikie hatua zake kwenye mbao, DJ anatwambia huyu sasa anakwenda kufa jamani. Mlango wa bati unafungwa, badala ya kimya tunapata kicheko. Maneno ya kijana wa lifti kuhusu nyundo na watu kutolewa kazini hayakutafsiriwa kabisa; mahali pake pamewekwa utani wa bangi. Ukiyatoa maneno yale, umebaki na wendawazimu wanaoua watu bila sababu, na hiyo kweli ni filamu ya kawaida. Kiingereza chake si kingi wala si kigumu. Tafuteni kijana anayekijua akae pembeni awanong'oneze pale penye mazungumzo: kwenye gari, kituoni na mezani. Mengine yote macho na masikio yanatosha.

Inakwenda dakika 83 tu, na mwisho wake ni mzuri kwa namna ya kutisha. Jua linachomoza, Sally ameruka dirishani, ametapakaa damu, amedandia nyuma ya pikapu iliyopita, anacheka na kulia kwa pamoja. Nyuma yake Leatherface amebaki barabarani anazungusha msumeno hewani, anazunguka nao, anacheza. Kisha skrini nyeusi. Hakuna polisi, hakuna maelezo, hakuna aliyekamatwa. Zilitengenezwa nyingine nyingi baadaye kwa jina hilo hilo na kwa fedha nyingi zaidi. Nilizoziona zina damu ya ndoo na hazina ile taa ya kuzimwa kituoni. Anzeni na hii ya 1974.

Wenye vibanda wa Ngamiani, Makorora na Mabawa, nina ombi kwenu. Mkiiweka, iwekeni saa nne usiku, na watoto watolewe kwanza. Najua kiingilio cha mtoto nacho ni hela, na najua wanavyojipenyeza chini ya turubai. Simamisheni kijana mlangoni. Mama mwenye mimba naye mwambieni mapema ni filamu gani, achague mwenyewe. Na ile sauti ya DJ, zimeni.